Dhamana

Machumu alihama usiku, mwezi wa tatu wa deni,
akapita kwenye mawe ya Mabatini viatu mkononi,
akaniachia kitanda cha kamba, jiko la mkaa lenye miguu miwili,
na kasuku.

Nikasema sawa. Ndege ana bei.
Atakuwa dhamana, atakula mtama wangu
mpaka bwana wake aikumbuke njia.

Siku ya kwanza akapiga honi ya meli.
Nilikuwa napeta mchele; nikainua kichwa kutazama ziwa
kama mjinga, saa ambayo meli zote zimelala.
Siku ya pili akawa jenereta la kinyozi,
lile linalokataa mara mbili kabla ya kukubali.
Akawa bawaba ya choo. Akawa paka wawili wanaogombana.
Akawa mtoto wa Kabula anayeomba shilingi mia,
na mimi, ninayejua bei ya kila kitu,
nikatia mkono kwenye pindo la khanga.

Lakini giza likiingia, alianza maneno.
Si Kiswahili, wala si Kisukuma changu.
Kikerewe hicho, alisema fundi redio, cha kwao Machumu.
Sentensi moja tu, ya chini chini,
ya mtu anayeongea na ukuta,
kisha vikwaruzo, kisha kikohozi.

Nikapiga hesabu: huyu anataja mahali.
Anajua bwana wake amejificha kwa nani,
Ukara au Nansio, na hela ziko chini ya godoro gani.
Ndege hana siri, nikajiambia;
siri ni mzigo wa wenye meno.

Nikamfunika kitambaa, nikashuka naye hadi gatini
kwa Perpetua, mkata tiketi, mzaliwa wa kisiwani.
Tukangoja giza kati ya magunia ya machungwa.
Kasuku akayatazama maji, akageuza shingo,
akasema.
Perpetua alicheka hadi chenji ikamwagika.

Anataja wapi? nikauliza.

Hataji popote, mama.
Anasema: *Anakuja yule mama, zima taa.*

Nami sikucheka.
Maana vile vikwaruzo kati ya maneno na kikohozi,
nilivyodhani ni kucha zake kwenye waya,
sasa nilivisikia:
kandambili mbili, moja ikiburuzwa kuliko mwenzake,
halafu pete juu ya bati, ngo, ngo, ngo.
Pete yangu. Goti langu la kushoto.

Kumbe ndivyo ninavyosikika
kwa upande wa ndani.

Nikapanda mlima pole pole, tundu begani,
nikijaribu kuinua mguu vizuri.

Mwaka umekatika. Machumu hajarudi.
Mhindi mmoja wa duka la vipuri alinipa laki mbili,
nikasema dhamana haiuzwi mwenyewe akiwa hai,
nikashangaa ulimi wangu umeitoa wapi sheria hiyo.
Alfajiri ndege hupaza *Kodi! Kodi yangu!*
kwa sauti yangu hasa, kali, yenye ugoro kooni,
na mpangaji mpya, kijana wa watu, anaruka kitandani
akitafuta shati na uongo kwa pamoja.
Siku hizi nabisha kwa kiganja.
Hodi yangu naianzia mbali, kule kwenye ndoo za maji,
ili mwenye kutaka kuzima azime bila haraka.

Na jioni, akisema lile neno la Kikerewe,
mimi mwenye nyumba, mwenye vyumba sita na hati ya kiwanja,
nisiyedaiwa hata chumvi na jirani,
naacha kijiko kwenye sahani,
nanyoosha mkono,
nazima taa.